Kabla ya kufurahia puto lenye dawa, uliza chokaa itavunjwaje

Mzee wetu ana kisukari cha muda mrefu, figo nazo si nzima. Wagonjwa wa namna hii ndio hasa mishipa yao ya moyo huota chokaa, yaani kalsiamu inayoganda kwenye ukuta wa mshipa. Daktari alituonyesha kwenye skrini: mistari miwili sambamba kama reli, hata kabla ya dawa ya kuonyesha mishipa kuingizwa.

Tuliposikia kuna puto lenye dawa la kutibu mshipa uliobana, mama alichangamka. "Kwa hiyo hawamwekei chuma?" Ndiyo, mama. Puto limepakwa paklitakseli au sirolimusi, dawa za kuzuia mshipa usizibe tena, linajazwa ndani ya mshipa kwa sekunde 30 hadi 60, dawa inanyonywa na ukuta, kisha puto linatolewa.

Ila chokaa haipitishi dawa vizuri, tena hukataa kutanuka. "Mzee wangu," daktari alimwambia, "hili puto kazi yake ni kupeleka dawa. Kupanua tunapanua kabla." Hapo ndipo ubane maswali. Watatumia puto gumu la presha kubwa, au lenye viwembe vidogo? Wana kile kichwa cha almasi kinachozunguka zaidi ya mara 130,000 kwa dakika, au puto la mawimbi ya mshtuko, jamaa wa ile mashine ya kuvunja mawe ya figo? Watapima chokaa kwa ultrasaundi ya ndani ya mshipa? Na bei ya kifaa cha kuvunjia imo kwenye makadirio? Maana bima inaweza kukubali puto ikakikataa hicho.

Usiingie ukiwa umeapa kukataa stenti, kile chuma cha mama, kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa. Mshipa ukibaki umebana zaidi ya asilimia 30, au ukichanika kiasi cha kuzuia damu, stenti itawekwa, na ni sawa. Ushahidi wa puto hili una nguvu zaidi kwa stenti zilizoziba upya na mishipa midogo. Marekani iliidhinisha la kwanza la mishipa ya moyo Machi 2024 tu, kwa stenti zilizoziba.

Kilichotuvutia sisi ni vidonge. Mzee ana vidonda vya tumbo, na kwa asiye na shambulio la moyo, aspirini pamoja na klopidogreli (vidonge vya kuzuia damu kuganda, vinavyoweza kuvujisha damu kwenye vidonda) baada ya puto mara nyingi ni kama mwezi 1, wakati stenti kwa kawaida hudai miezi 6. Tarehe ya kuacha apange daktari, si jirani.

Figo zitajwe mapema, kwa kuwa ile dawa ya kuonyesha mishipa huzielemea. Na mkitoka, ombeni CD ya picha zote. Daktari wa pili ataitaka hiyo kuliko barua.