Prosesa ya viini 64 iliyofungwa kasi: ninunue au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Nataka kununua EPYC 7742 iliyotumika, prosesa ya seva ya AMD yenye viini (core) 64, usiku initengenezee picha za 3D na mchana nichezee gemu. Wenzangu wanasema kasi yake imefungwa, haipandishwi hata kidogo, na kwamba huo ni wizi. Kitu kilichotoka mwaka 2019 kwa dola 6,950 kinakataaje kuguswa na mwenyewe?

JIBU: Marahaba. Wenzako wana haki kwa sehemu. Mwaka 2017 Intel, washindani wa AMD, walitoa prosesa ya seva Xeon Platinum 8180, viini 28, kasi imefungwa, dola 10,009. Januari 2019 wakaleta Xeon W-3175X, viini 28 vilevile vya kizazi kilekile, kasi iko wazi, dola 2,999. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba silikoni, yaani chipu yenyewe, ndiyo inayokataa. Ile ya bei kubwa hukubali kukaa hadi nane kwenye mashine moja, na wenye seva hulipia hilo. Wewe na mimi hatulihitaji.

Ila kwa 7742, kasi kufungwa kusikukoseshe usingizi. Imepangiwa wati 225. Zigawe kwa 64: kiini hakipati hata wati 4, na hapo hujatoa fungu la memori na njia za data. Ndiyo maana kasi ya msingi ni gigahezi 2.25 tu, na kiini kikipata nafasi hufika 3.4. Ukitaka zaidi lazima uongeze volti, na volti ikipanda kidogo, joto hupanda maradufu ya ulivyotarajia. Kwenye picha za 3D utafurahi, maana kila kiini hujichukulia kipande chake. Kwenye gemu hapana. Gemu nyingi hutegemea viini vichache vyenye mbio.

Kufuli linaloniuma mimi ni jingine, na wenzako hawakulitaja. Baadhi ya waunda seva huwasha ulinzi wa EPYC uitwao Platform Secure Boot. Ukishawashwa, fyuzi ndogo ndogo ndani ya prosesa huungua, na tangu hapo inakubali bayosi (programu ya kuwashia mashine) yenye saini ya kampuni ile tu. Fyuzi hizo hazirudi.

Yamenikuta. Nilinunua prosesa ya seva iliyotumika, safi, vidoti vyote vya chini vinang'aa. Nikaipachika, nikakaza skrubu tatu kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni, nikapaka pasti, nikawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Nikabadilisha rami, nikabadilisha pawasaplai, siku ya pili nikaazima mazabodi nyingine. Nyeusi vilevile. Prosesa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, imegeuzwa takataka kwa amri ya mtu ambaye alikwisha kuiuza! Hilo ndilo ningelipigia kelele.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji kwa maandishi: ilitoka kwenye seva ya kampuni gani, na imewahi kuwaka kwenye mazabodi ya kampuni nyingine? Akutumie video ikiwaka, namba ya mazabodi ionekane. Akianza kuzungukazunguka, achana naye.

Na kama gemu huziachi, tafuta Threadripper 3990X, nayo ya AMD, ya mwaka 2020. Viini ni 64 pia, kasi ya msingi gigahezi 2.9, inapanda hadi 4.3, na haikufungwa. Njia za memori ni nne badala ya nane, lakini kwa kazi uliyonieleza sidhani kama utaziona zimepungua.