Maswali ya Wasomaji: Mtoano wa Ulaya na Ubishi wa Kijiweni

Hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ikikaribia, kila shabiki anakuwa kocha na barua zinamiminika. Zile zilizotaka tutabiri mshindi tumeziweka kando. Hizi zinauliza namna mechi zenyewe zinavyochezwa, na hapo kuna la kujibu.

Timu ikishinda 3-0 nyumbani, mimi nasema mechi ya marudiano ipaki basi. Wenzangu wanasema huko ni kujiua. Nani yuko sahihi?
*Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam*

Wenzako wamekuzidi kidogo, ndugu yetu, ila kukaa nyuma kwenyewe si kosa. Kosa ni kukaa nyuma bila mtu wa kupokea mpira unapookolewa. Beki akibutua mbele pasiwe na wa kuushika, mpira unarudi baada ya sekunde chache. Kila ukirudi, safu inashuka hatua mbili tatu zaidi, mpaka mabeki wanasimama miguuni mwa kipa wao na kila krosi ni hatari. Hayo ndiyo yaliyowakuta PSG ya Paris tarehe 8 Machi 2017. Walifika Camp Nou, nyumbani kwa Barcelona, wakiwa na 4-0 mkononi, wakarudi nyuma mapema, na Luis Suárez akawafunga dakika ya 3. Bao la Edinson Cavani dakika ya 62 lilionekana kumaliza kazi, maana Barcelona sasa walihitaji mengine matatu. Wakayapata yote matatu kati ya dakika ya 88 na ya 95, PSG wakiwa wameshindwa kabisa kutoka kwenye nusu yao.

Sasa waangalie Arsenal. Tarehe 8 Aprili 2025 waliifunga Real Madrid 3-0 nyumbani Emirates, mawili ya Declan Rice kwa mipira ya adhabu na moja la Mikel Merino. Wiki iliyofuata pale Bernabéu, kwa Madrid, walikaba kwa nidhamu, lakini Bukayo Saka na Gabriel Martinelli hawakugeuzwa kuwa mabeki, na Merino, ambaye kwa asili ni kiungo, alisimama mbele kama straika wa kushika mpira na kuugawa. Matunda yake: bao la Saka dakika ya 65 na la Martinelli dakika za majeruhi, yote kwa pasi za Merino. Na lile la Madrid? Wala halikutokana na krosi. William Saliba alizubaa na mpira mguuni, Vinícius Júnior akampokonya na kufunga. Timu inayolinda uongozi huumizwa hivyo mara nyingi, kwa mpira iliokuwa nao yenyewe.

Utaambiwa Chelsea walipaki basi Barcelona mwaka 2012 wakapita. Ni kweli, tena walibaki kumi baada ya John Terry kupewa kadi nyekundu dakika ya 37. Lakini bao lililowaokoa kabla ya mapumziko lilifungwa na Ramires, aliyekuwa ameshahamishiwa beki ya kulia. Hata basi lile lilikuwa na mtu wa kuchomoka.

Halafu kuna la kupoteza muda. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Refa huonyesha sekunde 5 za mwisho kwa vidole. Kwa hiyo kile kitendo cha kipa kukumbatia mpira nusu dakika kimepitwa na wakati.

Bao la ugenini bado linahesabiwa mara mbili? Hapa kwetu ubishi hauishi.
*Msomaji wa Kisumu*

Ulaya, hapana. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliifuta kuanzia msimu wa 2021/22 kanuni hiyo, ambayo jumla ikilingana ilimpitisha aliyefunga mengi zaidi ugenini. Jumla ikilingana baada ya mechi mbili zinaongezwa dakika 30, kisha penalti. Mnachanganywa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ambayo imeendelea nayo: Aprili 2025 Mamelodi Sundowns waliitoa Al Ahly kwa bao la ugenini, 0-0 Pretoria na 1-1 Cairo. Anayefuatilia Simba na Yanga katikati ya wiki, kisha Ulaya usiku, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kiufundi, mwenyeji wa mechi ya kwanza ndiye aliyepata nafuu. Zamani sare ya 1-1 nyumbani ilikuwa karibu sawa na kufungwa, hivyo makocha waliogopa kufunguka. Siku hizi 1-1 ni 1-1 tu.

Kwenye runinga wanaonyesha 4-3-3, kipindi kinaanza naona mabeki watatu, dakika tano baadaye wako wanne. Mfumo ni upi hasa?
*Msomaji wa Mwanza*

Yote mawili ni kweli, na hapa ndipo mijadala mingi ya kabla ya mechi inapotea njia. Namba zile, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, zinaonyesha timu ikiwa haina mpira, au ilivyosimama mwanzoni. Swali lenye faida zaidi ni hili: timu inaposhambulia, nani wamebaki nyuma ya mpira, na wamesimama wapi?

Mfano mzuri ni Manchester City dhidi ya Real Madrid, nusu fainali ya marudiano, 17 Mei 2023. Bila mpira, City walikuwa na mabeki wanne: Kyle Walker kulia, John Stones na Rúben Dias kati, Manuel Akanji kushoto. Wakipata mpira, Stones alipanda na kusimama kando ya Rodri. Nyuma wakabaki watatu, mbele yao wawili, na watano waliosalia wakashambulia. Madrid walikwisha 4-0, Bernardo Silva akifunga mawili kabla ya mapumziko.

Kwa nini iliwezekana? Madrid wanaishi kwa kaunta, yaani mashambulizi ya kushtukiza, na kaunta inahitaji pasi ya kwanza safi. Mpira ulipowaponyoka City, Rodri na Stones walikuwa tayari katikati, hatua chache kutoka kwa mtu wa kupokea pasi hiyo. Nyuma yao Walker, mwenye mbio, alimngoja Vinícius. Madrid wakawa wanaupata mpira na kuupoteza hapohapo.

Mpangilio huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mabeki wa pembeni wote wawili wanapanda kwa wakati mmoja na kuacha wa kati wawili na uwanja mtupu. Kanuni ya kawaida ya makocha ni kubakiza walau mtu mmoja zaidi ya washambuliaji walioachwa mbele na wapinzani: wakiacha wawili, wewe bakiza watatu. Ya pili haionekani upesi. Kiungo mkabaji anauchoka ukimya wa kusubiri, anaufuata mpira pembeni kusaidia pasi, na katikati panabaki wazi. Mpira ukipotea, hakuna wa kuizuia pasi ya kwanza, na lawama zote zinawaangukia mabeki.

Ukitaka kumaliza ubishi kijiweni, fanya hivi. Timu yako inapofika karibu na boksi la wapinzani, usiangalie mpira. Hesabu walio nyuma yake. Wakiwa watano, tulia. Wakiwa watatu na wapinzani wana mawinga wenye mbio, jiandae kupiga kelele.

Nieleweshe mstari wa juu wa Barcelona ya Hansi Flick. Ni ujasiri au uzembe? Na timu inauvunja vipi bila kuotea kila mara?
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Dada yetu, mstari wa juu, yaani mabeki kusimama mbali na lango lao, ni hesabu, na una sharti moja: mwenye mpira lazima abanwe. Akikosa nafasi ya kuinua kichwa, hawezi kupiga pasi ndefu iliyopimwa, na mabeki wanaweza kusimama karibu na mstari wa kati. Akipata hata sekunde mbili za kutazama, mabeki wote wanne wageuke na kukimbia kurudi. Kinachoua ni pale wawili wanapobaki juu wakidai ofusaidi na mmoja anapokuwa ameshashuka. Huyo mmoja anawaweka washambuliaji wote upande salama.

Kuuvunja kuna njia zake. Straika asiwe yeye wa kukimbilia pasi. Ashuke amvute beki, na anayekimbia atokee nyuma, kiungo au beki wa pembeni. Anayeanzia mbali ana kasi tayari, na wakati mpira unapigwa bado yuko nyuma ya mstari. Sheria inapima pale mguu wa mpigaji unapogusa mpira, haipimi unapopokelewa. Anayeanzia kwenye nusu yake haotei kabisa, hata awe peke yake. Na aliyepenya asipige mwenyewe kwa pembe mbaya, bali amrudishie mwenzake aliye nyuma ya mpira. Pasi ya namna hiyo haina ofusaidi.

Inter walifanya karibu yote hayo dhidi ya Barcelona kwenye nusu fainali ya 2025. Bao la kwanza la marudiano San Siro, 6 Mei, lilianza kwa Federico Dimarco kuunasa mpira kutoka kwa Dani Olmo. Denzel Dumfries, beki wa pembeni, akapenya na kumpasia Lautaro Martínez aliyeugusa tu wavuni. Lakini tusidanganyane kwamba mstari peke yake ndio uliowaponza Barcelona. Mechi ya kwanza iliyoisha 3-3, mabao mawili ya Dumfries yalitoka kwenye kona, na kona, kama kurusha na mpira wa goli, haina ofusaidi kwenye mguso wa kwanza. Inter walipita kwa jumla ya 7-6 baada ya dakika za nyongeza. Ukiruhusu saba, mstari ni sehemu tu ya tatizo.

Mchezaji mwenye kadi mbili za njano akitafuta ya tatu makusudi ili amalize adhabu mapema, ni akili au ujinga?
*Msomaji wa Lubumbashi*

Muulize Sergio Ramos. Februari 2019 Madrid walishinda 2-1 kwa Ajax, naye akapata kadi mwishoni. UEFA iliamua ilikuwa makusudi ikamfungia mechi mbili badala ya moja. Marudiano Bernabéu Madrid walifungwa 4-1, Ramos akiwa jukwaani.

Kanuni yenyewe kwa msimu wa 2024/25: njano tatu, unakosa mechi moja. Njano zisizotimia hufutwa robo fainali zikiisha. Ila anayetimiza tatu kwenye marudiano ya robo fainali bado anakosa nusu fainali ya kwanza. Ndivyo Arsenal walivyomkosa Thomas Partey dhidi ya PSG.

Tukiwa nyuma kwa mabao matatu, kocha aingize washambuliaji wote tangu mwanzo?
*Msomaji wa Arusha*

Hapana. Mabao matatu kwa dakika 90 ni moja kila nusu saa, na bao moja la kufungwa linaharibu kila kitu. Roma, waliofungwa 4-1 Camp Nou mwaka 2018, walifunga dakika ya 6, ya 58 na ya 82. Eusebio Di Francesco alibadili mfumo kuwa mabeki watatu. Mipira mirefu ikapelekwa kwa Edin Džeko, huku Patrik Schick na Radja Nainggolan wakiwa karibu naye kuokota inayodondoka. Hiyo ndiyo kazi ya mpira mrefu. Bila watu wa mpira wa pili ni kuwapa wapinzani zawadi.

Liverpool 2019, baada ya 3-0 Barcelona, walienda mapumziko wakiwa na bao moja tu la Divock Origi. Andy Robertson aliumia, James Milner akashuka beki ya kushoto na Georginio Wijnaldum akaingia kiungo. Wijnaldum akafunga dakika ya 54 na ya 56. La nne lilitoka kwenye kona aliyoipiga haraka Trent Alexander-Arnold, Barcelona wakiwa hawajageuka.

La benchi: kuna mabadiliko matano, lakini mchezo unaweza kusimamishwa mara tatu tu kuyafanya, na mapumziko hayahesabiwi. Dakika za nyongeza zinaongeza mchezaji mmoja na nafasi moja. Kocha anayebadilisha mmoja mmoja mara tatu kabla ya dakika ya 75 hana tena la kufanya mtu akichechemea, hata kama amebakiwa na wawili.

Penalti ya Julián Álvarez ilifutwa kwa haki?
*Msomaji wa Bukoba*

Kwa sheria ya siku ile, 12 Machi 2025, ndiyo. Aliteleza, mguu wake wa kushoto ukaugusa mpira kabla haujaenda, na mpigaji hawezi kuugusa mara mbili. Timu yake, Atlético Madrid, ikatolewa na Real Madrid 4-2 kwa matuta. Miezi mitatu baadaye watunga sheria, IFAB, walitoa ufafanuzi: mguso wa pili ukiwa wa bahati mbaya na mpira ukaingia, penalti inarudiwa.

Mechi zinaanza saa ngapi, na tutakijua lini kikosi?
*Msomaji wa Morogoro*

Zile za saa 3 usiku Ulaya ya kati ni saa 5 usiku kwetu hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Baada ya hapo saa zao zinasogezwa mbele, kwetu zinakuwa saa 4 usiku. Kwa hiyo robo fainali za Aprili ni mapema kuliko 16 bora. Orodha rasmi hukabidhiwa angalau dakika 75 kabla ya mechi. Kwa mechi ya saa 4, anza kuchungulia saa 2:45 usiku, na ubishi wa nani aanze uahirishwe mpaka hapo.