Chukua picha yenyewe, usipige skrinshoti

Nyumba nyingi za Wete na Chake Chake siku hizi ukiuliza picha za zamani, albamu haitolewi. Mtu anafungua Facebook, anashuka, anashuka, mpaka afike 2012 au 2013, kisha anakupa simu uone: Idi ile babu alipokuwa bado anatembea, siku ya kupamba, watoto wa chuoni na kofia zao. Picha zenyewe hazimo ndani ya simu ile. Zimo kwenye akaunti ya ami aliyeko Maskati, au ya binamu wa Dar es Salaam. Siku mwenyewe akifunga akaunti, au ikiibiwa, familia nzima imekosa.

Kwetu mimi ndiye ninayeletewa simu kila picha inapotakiwa itoke Facebook iende studio kusafishwa. Kwa hiyo nawaandikia ninavyofanya, na kwa nini.

Nianze na skrinshoti, maana ndiyo njia ya kila mtu. Skrinshoti haichukui picha, inachukua kioo cha simu yako. Simu nyingi za bei nafuu kioo chao kina upana wa nukta 720, yaani pixel, zile chembe ndogo zinazounda picha. Picha ya kulala, yenye upana kuliko urefu, ikionekana kwenye kioo hicho simu ikiwa wima inabaki na nukta 720 kwa upana, hata kama Facebook wanayo yenye 2048. Studio nao, ili wakusafishie picha ya inchi 6 kwa 4 na nyuso zitoke safi, wanahitaji kama nukta 1800 kwa 1200. Hiyo ya 720 itatoka na ukungu, na atakayepotea zaidi ni bibi aliyesimama safu ya nyuma, ambaye uso wake ulikuwa mdogo tangu hapo.

Unachokitaka ni faili la picha, na kivinjari ulichonacho kwenye simu kinatosha kulichukua. Fungua Chrome au kingine, uandike facebook.com kwa mkono. Usibonyeze linki uliyotumiwa WhatsApp, kwa sababu simu itakupeleka kwenye programu ya Facebook; kama unayo linki, inakili kisha uibandike kwenye kivinjari. Tazama anwani ya juu iwe facebook.com kweli, ndipo uandike neno lako la siri. Simu ikiwa si yako, tumia hali fiche (Incognito) na ukimaliza funga kila kitu.

Ukiifikia picha, ibonyeze mara moja ifunguke peke yake. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowagharimu: ile inayoonekana kwenye orodha ni nakala iliyopunguzwa. Ikishajaa kioo, iwekee kidole na usiachie mpaka menyu itokee. Chrome ya Kiswahili itakuambia Pakua picha, ya Kiingereza Download image. Wenye iPhone kwenye Safari wataona Save to Photos na picha itakwenda moja kwa moja kwenye picha zao nyengine. Kwenye Android itaingia folda ya Download, kwa hiyo usiitafute pamoja na picha za kamera ukadhani haikuja. Programu ya Facebook nayo ina vidoti vitatu vyenye nafasi ya kuhifadhi, na ikikupa chukua. Mimi naendelea na kivinjari kwa sababu simu za wazee wetu zimejaa, na hapa hakuna kitu kipya cha kuweka.

Kwa X, iliyokuwa Twitter, picha za mechi za Kombe la Mapinduzi kwa mfano, ifungue picha kwenye kichupo kipya utazame mwisho wa anwani yake. Utakuta name=small au name=medium. Futa neno hilo la mwisho uandike orig, ufungue tena, utapata kubwa kuliko zote walizonazo.

Instagram ndiyo ngumu. Alama yake ya kuhifadhi haileti kitu kwenye simu; inakuwekea kumbukumbu humo humo ndani, na mwenye picha akiifuta na kwako inaondoka. Kubonyeza na kushikilia mara nyingi hakutoi menyu. Hapo ndipo watu wanapokimbilia tovuti za kupakulia, zenye vitufe vitatu vya kupakua na viwili kati yake ni matangazo. Nawaomba sana: tovuti ikikutaka neno la siri la akaunti yako, toka. Ukiomba picha ukaletewa faili linaloishia na apk, usilifungue, hiyo ni programu inayotaka kuingia kwenye simu yako, na simu hizi ndizo zenye pesa zetu. Mimi kwa Instagram namwandikia mwenye picha anitumie WhatsApp kama hati (Document), maana ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa. Tangu 2023 WhatsApp wameweka pia alama ya HD, inasaidia, lakini hati ndiyo inayokuja kama ilivyo.

Sasa jambo lililo zito kwangu kuliko nukta zote hizo. Harusi zetu zina upande wa wanawake, na upande ule watu wamejipamba wakijua wako wenyewe kwa wenyewe. Bi harusi na jamaa zake wakiweka picha mbili tatu kwa marafiki zao tu, mpaka ule wanauweka Facebook. Faili likishaingia kwenye simu yako halina mpaka tena. Linakaa pamoja na picha nyengine, mtoto anaichukua simu kuchezea, shemeji anaomba apige, na picha iko pale wazi. Kwa hivyo picha yenye mwanamke asiyejifunika siipakui kabla ya kumuuliza yeye mwenyewe, si mumewe wala dada yake. Akiridhia, naiweka kwenye folda iliyofungwa ya Google Photos, inayofunguka kwa alama ya kidole au namba ya siri tu. Akikataa, basi. Na kuwa ni mtu wetu hakutoi ruhusa. Wengi waliovunjiwa sitara wamevunjiwa na jamaa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inalinda taarifa za mtu, na Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya 2003 inayolinda kazi ya mpiga picha. Kuhifadhi picha ya shangazi yako ni jambo moja, kuichukua ya mpiga picha wa harusi ukaitia kwenye tangazo la duka lako ni jengine.

Picha ikishaingia, ina upungufu ambao hauonekani. Facebook huondoa tarehe na pahala picha ilipopigwa, na faili linakuja na jina la tarakimu ndefu zisizo maana. Picha ya Idi ya 2013 utakayoipakua leo, simu itaihesabu ya leo. Ibadilishe jina pale pale, kabla hujapakua ya pili: Idi-2013-Wete-bibi-na-wajukuu. Kisha rudi usome maoni chini ya picha, kwa sababu huko ndiko jamaa walikoandika nani ni nani: huyu wa kulia ni mtoto wa marehemu fulani, nyumba ile ya nyuma ni ya Mtambwe kabla haijavunjwa. Maoni hayo hayaji na faili. Hapa ndipo skrinshoti inapofaa. Yapige, uyaweke folda moja na picha. Ukiingia Capital Art Studio kule Mji Mkongwe, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, unakutana na nyuso za Zanzibar ya zamani ukutani, na swali la kwanza linalokujia ni nani huyu. Wajukuu zetu watauliza vivyo hivyo kwa picha hizi, na sisi bado tuna wa kumuuliza.

Nakala ya pili weka kwenye flashi au memori kadi. Simu zinaanguka baharini, zinaibiwa sokoni.

Na kama picha ni nyingi mno, usizipakue moja moja. Mwenye akaunti anaweza kuwaomba Facebook, kwenye mipangilio, wamtengenezee nakala ya kila alichokiweka, aipakue kwa pamoja akiwa kwenye Wi-Fi. Huko huko anaweza kumtaja mtu wa kuisimamia akaunti yake akifariki, na akampa ruhusa ya kupakua alivyoviweka. Nimemwomba ami afanye yote mawili. Muulizeni na wenu, akiwa mzima na neno lake la siri analikumbuka.