Wasomaji Wauliza: Mahari, Rimandi na Barabara

Swali: Ndoa yetu ya kimila imevunjika. Mume anamdai baba yangu ng'ombe wote watano, na kikao cha ukoo kimesema wasiporudi, watoto watabaki kwake. Ni halali? (Msomaji, Tororo)

Jibu: Si halali, dada. Baba hadaiwi hata ng'ombe mmoja. Tarehe 6 Agosti 2015, katika shauri la Mifumi, shirika la huko huko kwenu Tororo, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika kunakiuka Katiba. Ibara ya 31 inawapa mume na mke haki sawa, ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja. Wazazi wakishatumia ng'ombe na hawana cha kurudisha, binti huogopa kuondoka na huvumilia hata kipigo.

Wengi wanadhani mahari yenyewe imefutwa. Haikufutwa; kilichopigwa marufuku ni kuirudisha.

Kikao cha ukoo si mahakama, kwa hiyo baba asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi ya kukubali deni. Shauri likipelekwa mahakama ya LC (baraza la serikali ya mtaa), itajeni hukumu ya Mifumi: kwa ibara ya 132, uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu sheria unazifunga mahakama zote za chini. Mkishindwa, ombeni hukumu kwa maandishi mkate rufaa. Ngazi ni LC I (kijiji), LC II (parokia), LC III (kaunti ndogo), kisha hakimu mkuu.

Watoto si dhamana ya ng'ombe. Sheria ya Watoto inatanguliza ustawi wao, basi mwone ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya mapema, kabla hawajahamishwa.

Swali: Kaka yangu alikaa rimandi (mahabusu akisubiri kesi) miaka 3 na miezi 4, kisha akafungwa miaka 20. Jaji alisema tu kwamba “amezingatia” muda huo. Je, inatosha? (Msomaji, Arua)

Jibu: Tazameni kwanza tarehe ya adhabu. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika shauri la Rwabugande, ya tarehe 3 Machi 2017, muda wa rimandi hutolewa kwa hesabu: 20 kutoa 3 na miezi 4 ni miaka 16 na miezi 8, ikihesabiwa tangu siku ya kutiwa hatiani. Hutolewa siku alizoshikiliwa kwa kosa hilo hilo tu. Siku alizokuwa nje kwa dhamana hazimo.

Kama alihukumiwa kabla ya tarehe hiyo, neno “amezingatia” lilitosha, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema Rwabugande hairudi nyuma. Lakini jaji akiwa hakuitaja rimandi kabisa, hoja ya ibara ya 23(8) ya Katiba, inayotaka muda huo uzingatiwe, bado ipo.

Notisi ya rufaa ina siku 14. Mfungwa humkabidhi mkuu wa gereza. Zikipita, aombe ruhusa ya kuchelewa na aeleze sababu ya kweli. Rufaa nyingi nzuri hufia hapa.

Swali: Barabara inapita shambani kwangu. Wanasema watalipa baadaye. (Msomaji, Kasese)

Jibu: Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo Oktoba 2015. Piga picha za miti na mazao, hesabu kila shina mbele ya mthamini, na usitie saini fomu ya tathmini usiyopewa nakala yake.