Kwa nini gari la zimamoto huishiwa maji dakika chache baada ya kufika?

SWALI: Afande, habari za kazi. Moto ukitokea hapa Dar es Salaam hakosekani mtu wa kusema, "Gari limekuja halina maji." Naomba kujua kitaalamu gari moja hubeba maji kiasi gani, yanatosha dakika ngapi, na sisi wajumbe wa serikali ya mtaa tuandae nini ili yasikatike kazi ikiwa katikati. – Msomaji, Temeke.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi. Chukua gari lenye tenki la lita 5,000. Nozeli, yaani mdomo wa mpira wa maji, yenye tundu la milimita 20, ikisukumwa kwa presha ya bar 4, hutoa lita 530 hivi kwa dakika. Ukifungua mpira mmoja, tenki linakauka kwa dakika tisa na ushee. Ukifungua miwili, hata tano hazifiki. Mzinga wa juu ya gari, ule ambao watazamaji huushangilia, ukiwa wa lita 2,000 kwa dakika humaliza tenki zima kwa dakika mbili na nusu. Kwa hiyo gari likiishiwa maji mapema, mara nyingi halikuja tupu. Limefanya kazi kama lilivyoundwa: lina pampu kubwa na akiba ndogo ya kuanzia, na maji ya kuendelezea kazi yanategemewa kutoka nje.

Mpira mwembamba wa rili, ule unaoviringwa ubavuni mwa gari, watu huudharau, lakini hula lita 100 hivi tu kwa dakika. Tenki lile lile linakwenda dakika 50. Kwa chumba kimoja kinachowaka ndio wa kuanza nao, kwa sababu unatoa matone madogo yanayogeuka mvuke upesi, na maji yanapogeuka mvuke ndipo yanapobeba joto jingi zaidi. Mkondo mzito unaogonga ukuta na kutiririka hadi mtaroni umepotea bure.

Lawama nyingine huja kabla maji hayajatoka. Dakika ya kwanza askari wanatandaza mipira na kufunga viunganishi, na mpira uliojikunja kwenye kona ya nyumba huzuia maji kama umefungwa kwa kamba. Tena si kila gari jekundu ni la maji. Gari la uokoaji hubeba mikasi ya kukatia vyuma, majenereta na ngazi.

Sasa maji ya nje yatoke wapi? Ya kwanza ni haidranti, yaani bomba la zimamoto lililoungwa kwenye mtandao wa maji kando ya barabara. Haifai kitu ikiwa imefukiwa kwa kifusi, imewekewa meza ya biashara, au iko kwenye laini yenye mgao. Ya pili ni boza, na hapa watu hujidanganya sana. Boza la lita 10,000 likijaziwa mahali penye msukumo wa lita 500 kwa dakika, kujaza tu ni dakika 20. Weka dakika 20 nyingine za kwenda na kurudi, na 5 za kumimina, jumla 45. Gawanya: unapata lita 222 kwa dakika, hata nusu ya mpira mmoja hazifiki. Ukitaka mpira mmoja usikatike unahitaji maboza matatu yanayopishana, na foleni ya Mbagala isiwepo.

Ya tatu ni maji ya wazi: bwawa, mto, tenki la ardhini, hata bahari (pampu isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi baadaye, chumvi hula chuma). Pampu haivuti maji, inatoa hewa tu, kisha mgandamizo wa hewa ya nje unayapandisha. Kwa nadharia yangepanda mita 10, lakini kazini usihesabu zaidi ya 7. Raba ya kiunganishi ikiwa imekauka au imepasuka, hewa inaingia na maji hayapandi, hata mashine ingunguruma vipi. Chujio lililo mwishoni mwa mpira wa kunyonyea nalo lizame vya kutosha. Likikaribia juu, utaona maji yanazunguka kama kwenye sinki na pampu inaanza kumeza hewa. Kwenye kijito cha matope, tandika karai chini ya chujio lisinyonye mchanga.

Mtaani kwenu, kama kuna tenki la ardhini la msikiti, kanisa, shule au kiwanda, ombeni mfuniko wake uwe wa sentimita 60 na usizibwe kwa zege. Gari liweze kusimama mita tano au sita kutoka hapo, juu ya ardhi ngumu, kwa sababu mipira ya kunyonyea ni migumu na huja vipande vichache. Simtanki la lita 5,000 ni sawa na kulijaza upya gari letu la mfano, ila msitegemee koki yake ya inchi moja. Inatoa lita 100 hivi kwa dakika, basi. Afadhali mpira wa kunyonyea uingie kwa juu, kwenye kifuniko.

Njia nayo: gari lina upana wa mita 2.5, na maji peke yake ni tani tano. Acheni mita 3.5 hadi 4 bila jiwe wala kibanda, na mfuniko wa chemba uliooza usiwe katikati ya njia.

Mkipiga 114, baada ya kutaja mtaa, alama ya karibu, kinachoungua na kama kuna watu ndani, ongezeni sentensi moja: "Kuna tenki la ardhini nyuma ya shule, geti la upande wa sokoni, gari linaingia." Kisha mtu mmoja asimame getini na ufunguo mkononi.