Mzee Majani arudi, lakini aje na siri zake

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ni gemu gani ya kukimbia na kuruka ya utotoni mwako iliyosahaulika, na ungependa itengenezwe upya?" Nusu ya kwanza naijibu sasa hivi: Adventure Island. Nusu ya pili ndiyo iliyonichoma. Mimi sitaki itengenezwe upya. Najua watakavyoifanya. Wataongeza rangi, watatia muziki wa okestra, kisha wataweka kitufe cha kusevu, yaani kuhifadhi ulipofikia, kila baada ya hatua tatu, na gemu itakuwa imekufa. Kwa hiyo naomba niseme kwanza kwa nini ugumu wake ndio uliokuwa utamu wake, halafu mtanisamehe nikirefusha.

Wengi watawaandikia kuhusu Mario, na Mario hajasahauliwa na yeyote. Contra nayo bado inatajwa kwenye kila kijiwe. Ninayemzungumzia mimi ni yule bwana mnene mwenye kofia nyeupe na kisketi cha majani, anayekimbia ufukweni akitupa mashoka ya mawe. Kwetu Ngamiani, Tanga, tulimwita Mzee Majani. Alikuwamo kwenye ile kaseti ya njano iliyoandikwa 9999999 in 1, ambayo ukishaikagua unakuta gemu chache tu zinazojirudia: Circus Charlie na simba wake, wale wapanda barafu wa Ice Climber, Mappy na paka wake, vifaru vya Battle City, na yeye.

Asili yake niliijua ukubwani. Kampuni ya Japan iitwayo Escape ilitengeneza gemu ya Wonder Boy kwa ajili ya kampuni ya Sega mwaka 1986. Kampuni nyingine, Hudson Soft, wakaichukua gemu hiyohiyo kuipeleka kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, lakini jina na mhusika vilikuwa mali ya Sega. Basi wakamweka mfanyakazi wao, Takahashi, aliyekuwa maarufu kwa watoto wa Japan kwa kubonyeza kitufe mara 16 kwa sekunde moja. Huko Marekani akaitwa Master Higgins. Kwa hiyo Mzee Majani ni mtu wa kweli, na mimi nilipolijua hilo nilifurahi siku nzima.

Gemu yenyewe haikuwa na huruma. Nguvu zako zinapungua hata ukisimama tu, kwa hiyo husimami. Unakula matunda ili uishi. Unapasua yai, unapata shoka. Unapasua jingine, unapata ubao wa magurudumu ambao ukishaupanda haukubali kutulia. Yai jingine linatoa bilinganya, na hilo likikuganda linakunyonya nguvu mpaka uombe po. Kuna konokono, kuna nyoka, kuna mawe yanayobingirika na mioto iliyowashwa njiani. Kugusa kimoja, umekufa. Yako maeneo manane, kila eneo lina raundi nne, na ukimaliza roho zako, yaani nafasi ulizopewa za kufa, unarudi mwanzo kabisa kama hukuwahi kucheza. Hakuna kusevu.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyoicheza, maana bila hilo hamtanielewa.

Mashine ya gemu ililetwa na mjomba kutoka Dubai, pamoja na mashuka na pasi. Bara tulianza kuwa na stesheni zetu za televisheni miaka ya 1990, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa nazo tangu miaka ya 1970, kwa hiyo nyumba yenye TV mtaani kwetu ilikuwa nyumba ya watu wote. Sebuleni kwa mjomba ulitandikwa mkeka, na sheria ilikuwa moja: ukifa, unatoa pedi, kile kidude cha mkononi chenye vitufe. Hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeibishia. Binamu yangu mkubwa, mtoto wa huyo mjomba, alikuwa fundi. Akishika pedi, wengine tulijua tumekuja kutazama. Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyekuwa hajui. Yeye alipewa pedi ya pili, ambayo kwenye gemu hii haina kazi yoyote, akawa anabonyeza pamoja na binamu ruka kwa ruka, jasho linamtoka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Zamu yake halisi ikifika, alikufa kwenye jiwe la mwanzo. Anatoa pedi, anarudi mwisho wa foleni, anachukua tena ile ya pili.

Likizo moja ya Desemba, siku ya Jumamosi, binamu alianza kucheza baada ya chakula cha mchana na hakufa. Yaani alikufa, lakini roho hazikumwishia. Alipita msituni, akapita mapangoni kwenye popo, akavuka bahari kwenye vile vijisehemu vya nchi kavu ambapo kuchelewa kidogo ni kuzama. Lile zimwi la mwisho wa eneo akalipiga, likabadilisha kichwa likakimbia, kama kawaida yake. Alipoingia eneo la sita, ambalo hakuna mtu wa Ngamiani tuliyemjua aliyewahi kuliona, watoto wa mtaa walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na skrini na kazi yangu ilikuwa kutaja mayai, maana nilishayakariri yalipo. "Yai! Liache, bilinganya hilo!" Hakuna aliyekwenda kunywa maji.

Adhana ya magharibi ikaingia. Mjomba akasimama mlangoni, hakusema kitu. Tulijua. Binamu akabonyeza Start, picha ikasimama, Mzee Majani akaganda hewani katikati ya mruko. Kisha akafanya jambo ambalo nina hakika wasomaji wenzangu wengi walilifanya: akazima TV, akaiacha mashine inawaka. Tukaisogeza nyuma ya kabati, tukaifunika kwa kanga ili ile taa nyekundu isionekane. Tukala, tukaswali, tukapelekwa kulala, na hakuna aliyelala. Binamu aliamka usiku zaidi ya mara moja kwenda kuangalia kama taa bado ipo. Mara moja nilimfuata. Aliinua ncha ya kanga, akaigusa adapta, akautoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto. Tulitazamana. Ningesema neno mimi au angesema yeye, tungeichomoa; tukarudisha kanga.

Alfajiri Bibi aliamka kuswali. Alisikia harufu ya plastiki, akaifuata mpaka nyuma ya kabati, akachomoa waya ukutani. Alifanya lililopaswa kufanywa, na leo nikikumbuka kanga juu ya adapta ile namshukuru Mungu kwa pua ya Bibi. Lakini asubuhi ile, tulipowasha TV na kukuta skrini tupu, binamu alikaa barazani na uso wake ukutani. Alikuwa na miaka 15 na ndevu zimeanza kumtoka, naye alilia. Hakuna aliyemcheka. Bibi alimletea maandazi, hakuyagusa.

Mwenye furaha nyumba nzima alikuwa mdogo wangu. Alisimama mbele ya mashine akasema, "Basi tuanze wote mwanzo." Akachukua pedi ya kwanza, akafa kwenye jiwe. Binamu hakuinuka kudai zamu, kwa hiyo mdogo wangu akaanza tena, akafa, akaanza tena. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameimaliza raundi ya kwanza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliruka-ruka sebuleni kuliko Mzee Majani mwenyewe.

Nilianza barua hii nikitaka kutumia kisa hiki kuwaonyesha kwamba gemu bila kusevu ilitufundisha uvumilivu, na kwamba kama binamu angeweza kusevu, mdogo wangu asingeishika pedi ile mpaka likizo inaisha. Hilo la pili bado nalisimamia. Hilo la kwanza, kadiri ninavyoandika, linanishinda. Uvumilivu gani? Mtoto wa miaka sita aliyekaa mkekani likizo nzima anabonyeza pedi isiyofanya kazi hakuwa anajifunza kitu. Alikuwa anasubiri mkubwa mmoja akate tamaa. Na wale waliojaa dirishani wengi wao hawakuwahi kulivuka lile jiwe, wala hawatawaandikia jibu, kwa sababu kwao gemu hii ilikuwa kitu cha kutazama wengine.

Tena kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme. Adventure Island ilikuwa na njia ya kuendelea. Tangu mwaka 1986 ilikuwa nayo. Mwishoni mwa raundi ya kwanza kabisa, karibu na kibao cha kumalizia, kuna yai lililofichwa ambalo halionekani mpaka uruke mahali pake. Ndani yake kuna nyuki, nembo ya Hudson. Ukimchukua nyuki huyo, basi hata roho zikikuishia unaweza kushikilia kitufe cha mwelekeo huku ukibonyeza Start, na gemu inaendelea badala ya kukurudisha mwanzo kabisa. Nilipolijua hilo nilikaa kitambo bila kusema kitu. Raundi ya kwanza! Mahali ambapo kila mtoto wa Ngamiani aliyevuka jiwe alipita, kila siku, miaka yote ile. Mdogo wangu alipita hapo asubuhi ileile binamu akilia barazani.

Kwa nini hatukujua? Kwa sababu kaseti yetu haikuja na karatasi yoyote. Ilikuja kwenye mfuko wa nailoni. Watoto wa Japan walikuwa na kijitabu ndani ya boksi, na tangu mwaka 1985 walikuwa na majarida mazima ya Famicom, yanayochapisha siri za gemu toleo baada ya toleo, na shuleni wanaambiana. Sisi tulipokea gemu zikiwa uchi. Ugumu ninaousifu tangu mwanzo wa barua hii, sehemu yake kubwa hawakuupanga Hudson hata kidogo. Ulitokana na njia gemu ilivyotufikia: kunakiliwa, kubandikwa kwenye kaseti ya gemu milioni kumi za uongo, kuuzwa bila maelezo. Wala siwalaumu waliozinakili. Bila wao nisingemjua Mzee Majani, maana mashine halisi ya Nintendo sikuwahi kuiona Tanga.

Nilimtumia mdogo wangu habari za nyuki. Sasa yuko Muscat, baba wa watoto. Alinijibu kwa sauti, na kabla ya salamu aliuliza: "Kwa hiyo usiku ule tungelala tu?" Ndiyo, tungelala. Binamu angezima mashine kwa amani, na wakati wowote roho zikimwishia angeendelea... ingawa hapa niwe mwangalifu: nyuki anasaidia mashine ikiwa inawaka tu. Ukichomoa waya, naye kaondoka. Kwa hiyo Bibi angetumaliza vilevile. Lakini binamu asingecheza kwa hofu ile, na asingeona kwamba nafasi aliyoipata Jumamosi ile haitarudi tena. Na haikurudi. Hakuwahi kufika tena eneo la sita.

Basi mnataka jibu, nalo limegeuka mikononi mwangu. Ndiyo, irudishwe. Pacha wake wa Sega amekumbukwa: Wonder Boy: The Dragon's Trap ilichorwa upya kwa mkono na kutolewa mwaka 2017, na ni nzuri kweli. Hudson yenyewe ilimezwa na kampuni ya Konami mwaka 2012, kwa hiyo Mzee Majani yuko kabatini kwa watu ambao wana wahusika wengine wa kuwashughulikia. Nawaomba wamtoe. Masharti yangu ni haya. Wasiguse jiwe la kwanza, wasiguse bilinganya, wasipunguze kasi ya nguvu kuisha. Kusevu waweke, nimeandika hapo juu kwamba kutaiua gemu, na bado naogopa hivyo, ila waweke, na mwenye kuona aibu asikitumie kitufe hicho. Nyuki abaki palepale alipofichwa. Na waifanye iwe ya wawili, ili pedi ya pili ifanye kazi.

Jambo la mwisho ni lenu, Mhariri, si la Konami. Tengeni ukurasa. Kila toleo siri moja ya gemu ya zamani, kwa Kiswahili, yai liko wapi, unaruka wapi, unabonyeza nini. Mappy ina milango yake, Circus Charlie ina mifuko ya fedha iliyofichwa. Wako watu wa miaka 40 na kitu, kuanzia Tanga hadi Mombasa, ambao bado hawajaambiwa. Za Adventure Island ninaweza kuwaandikia mimi, kwa raundi zile ninazozijua vizuri. Za eneo la sita na kuendelea mtafuteni mtu mwingine.

Msomaji wenu,
Tanga