MASWALI YENU: Ushuru ni sifuri, mbona mshahara uko palepale?

Swali: Habari ya kazi mhariri. Mimi niko Naivasha, nakaa Karagita, nafanya gredingi, yaani kupanga maua kwa ubora mezani, kwa shamba la maua tangu 2011. Mwaka 2014 mwezi wa kumi tulikatiwa ovataimu na supavaiza akatuambia ni ushuru wa Ulaya. Halafu 2024 tukasikia kwa redio mkataba umeanza, maua yanaingia bure. Naomba unielezee kwa lugha ya kawaida, kama ushuru ukipanda mimi naumia mwezi huohuo, mbona ukiwa sifuri sioni kitu? *Mama wa watatu, Karagita.*

Jibu: Mama wa watatu, swali lako nimetembea nalo wiki nzima manake watu wengi wanaozungumzia hii mikataba hawajawahi kuulizwa hivyo, na wewe umeuliza ukiwa mezani penyewe.

Tuanze na hiyo 2014. Kenya ilikuwa inauza Ulaya bila ushuru tangu mkataba wa Lomé wa 1975, ukaja wa Cotonou mwaka 2000, na yote miwili ilikuwa upendeleo wa upande mmoja, yaani sisi tunaingiza kwao bure na wao kwetu wanalipa kama kawaida. Nchi zingine zenye mazao kama yetu zikalalamika kwa shirika la biashara la dunia, WTO, kwamba huo ni ubaguzi, na ruhusa ya mpango huo ikaisha mwisho wa 2007. Kuanzia hapo Ulaya wakasema mkitaka kuendelea kuingiza bure basi na nyinyi mfungue mlango wenu, ndo ikaitwa EPA, yaani mkataba wa ubia wa kiuchumi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza kujadiliana nao kama kitu kimoja, mazungumzo yakavuta, yakavuta, mpaka tarehe waliyoweka ikafika. Tarehe 1 Oktoba 2014 maua ya Kenya yakaanza kutozwa kati ya asilimia 5 na 8.5 kutegemea na mwezi. Mazungumzo yalimalizika katikati ya mwezi huohuo lakini karatasi zina mwendo wake, ushuru ukaja kuondoka 25 Desemba. Karibu miezi mitatu. Hiyo ndo ovataimu yako ilipoenda.

Sasa kwa nini ilienda ya kwako na si ya yule anayenunua? Chukua bando moja la waridi la sentimita 60 ulilofunga jana mchana. Limetoka mezani, likaingia chumba cha baridi, lori mpaka uwanja wa Jomo Kenyatta, ndege usiku, na kama linapitia mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi basi linauzwa kwa saa. Saa yenyewe ni ya bei, inaanza juu inashuka, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza ndo anachukua. Yule mnunuzi hajui na hataki kujua Kenya imetozwa ushuru gani. Anaangalia urefu wa shina na kichwa cha ua, na mkokoteni wa jirani una waridi la Ethiopia, ambalo linaingia bure manake Ethiopia iko kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa na Ulaya haizitozi hizo nchi kitu. Kwa hiyo hawezi kukuongezea hata senti ati kwa sababu umelipa forodha. Bei iko kule, ushuru unakatwa kwako, na shamba likirudi kuangalia linapoweza kupunguza, nauli ya ndege haipungui, mbolea haipungui, mkopo wa grinhausi haupungui. Kinachoweza kupunguzwa wiki hiyohiyo ni masaa ya kibarua. Nchi kubwa ikitozwa inaweza kugeukia soko lake la nyumbani, lakini waridi la Naivasha likikosa ndege jioni hiyo hakuna mtu Gilgil atalinunua kwa bei hiyo.

Halafu hii ya 2024. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulisainiwa Nairobi 18 Desemba 2023, ukaanza kazi 1 Julai 2024. Lakini sifuri ya 2024 ni ileile sifuri ya 2013, dada yangu. Hakuna pesa mpya iliyoingia kwa bando lako. Kilichoondoka ni ile tarehe ya kuogopa, ile ya kila mara kuambiwa mwaka kesho huenda ushuru ukarudi, na hiyo si kitu kidogo manake mwenye shamba akiogopa hajengi grinhausi mpya na benki haimkopeshi, na bila grinhausi mpya mtoto wako wa kwanza akimaliza shule hapati kibarua hapo. Lakini ni faida ya kutopoteza, na huwezi kuipeleka dukani kununua unga.

Mshahara nao haupangwi Brussels kwenye makao ya Umoja wa Ulaya. Unapangwa kwenye makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi, KPAWU, na waajiri. Hapo ndo ningekuomba uangalie, kwa sababu huu mkataba una sura nzima ya haki za wafanyakazi na mazingira, na hiyo sura inabana, si maneno ya kupamba. Wakati wa kujadili mshahara mwambieni mwakilishi wenu aende nayo mkononi. Waajiri walisema kwa miaka kumi kwamba bila mkataba kazi zitaisha, sawa, mkataba umepatikana, hatari imetoka, basi na anayesimama mezani masaa nane miguu ikivimba aonje utulivu huo. Mimi siamini utashuka wenyewe kutoka juu mpaka kwako, wala sijaona nchi ambayo ulishuka bila mtu kuuvuta.

Na kuna jambo lingine nataka ulijue, upendeleo wowote una mwisho. Uliza watu wa Morisi (Mauritius). Kisiwa kidogo, kwa miaka mingi kiliishi kwa sukari waliyouzia Ulaya kwa bei ya uhakika iliyo juu ya soko la dunia, mpango ulioanza 1975. Kuanzia 2006 Ulaya ikaanza kupunguza bei hiyo mpaka ikashuka kwa asilimia 36, na 2009 mpango wenyewe ukafutwa. Kiwanda kimoja baada ya kingine kikafungwa, vikabaki vichache vikubwa, wafanyakazi wakalipwa wakaondoka. Waliobaki wakaanza kusafisha sukari wenyewe badala ya kupeleka ghafi, wakauza sukari maalum za bei nzuri, na makapi ya miwa wakayachoma kutoa umeme. Walisalimika manake walianza kujipanga mapema, na tayari walikuwa na viwanda vya nguo na utalii. Naivasha tunapanga nini?

Swali: Mimi ni msomaji wenu wa Arusha. Tanzania tulikataa kusaini huo mkataba na huku kwetu pia kuna mashamba ya maua. Je, tulikosea? Na kama Kenya wamefungua mlango peke yao, bidhaa za Ulaya si zitapita Namanga tu?

Jibu: Ndugu yangu, hamkukosea kwa hesabu zenu na Kenya hawakukosea kwa zao, na hilo ndo lilileta mvutano wote. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote ziko kwenye ile orodha niliyoitaja kwa Ethiopia, waridi la Arusha linaingia Ulaya bure hata msiposaini karatasi yoyote. Kenya ndo haimo. Sasa mtu anayeingia bure tayari, kwa nini afungue soko lake? Marehemu mzee Mkapa alilisema hilo wazi, kwamba viwanda vyetu vichanga haviwezi kusimama na vya Ulaya, na Novemba 2016 wabunge wenu wakaukataa ule mkataba wa Jumuiya nzima. Kenya na Rwanda walikuwa wamesaini Septemba mwaka huohuo, Kenya ikabaki inangoja mpaka mkutano wa marais wa Jumuiya wa Februari 2021 uliporuhusu aliye tayari atangulie.

Ila msilale. Siku Tanzania ikitoka kwenye orodha hiyo, Ulaya inatoa miaka mitatu tu ya kujipanga halafu mnasimama pale Kenya iliposimama 2014. Ni afadhali kujadiliana ukiwa huna haraka.

Hiyo ya Namanga ni hofu ya kweli. Sisi ni umoja wa forodha tangu 2005, ukuta wa nje unatakiwa uwe mmoja, na mmoja akitoboa dirisha upepo unaingia nyumba nzima. Kinachosaidia ni sheria ya asili ya bidhaa, yaani kitu cha Ulaya kikivuka kuja kwenu kinabaki cha Ulaya na mnakitoza ushuru wenu, lakini hiyo inategemea afisa aliye mpakani saa nane usiku na foleni ya malori nyuma yake. Vilevile mlango wa Kenya haujafunguliwa wote, unafunguliwa taratibu kwa miaka mpaka 25, na vitu kama nguo, viatu, magari na mazao mengi ya kilimo vimeachwa nje. Ninachoogopa mimi si leo. Ni yule kijana atakayetaka kufungua kiwanda mwaka 2040 cha kitu ambacho leo hakuna mtu hapa anakitengeneza, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kukiweka kwenye orodha ya kulindwa.

Swali: Nina miti 40 ya parachichi Murang'a, aina ya Hass. Huu mkataba utanisaidia au ni wa wakubwa?

Jibu: Kwako wewe kikwazo hakikuwa ushuru. Ni broka anayekuja na gunia na kuchuma matunda mabichi usiku, kontena ikifika Ulaya matunda hayaivi, yananyauka tu, na jina linaloharibika ni la Kenya yote. Ndo maana serikali huwa inafunga msimu wa kuvuna mwishoni mwa mwaka. Kingine ni dawa, ukipiga isiyoruhusiwa au ukivuna kabla siku za kungoja hazijaisha, mzigo unakamatwa hata ushuru ukiwa sifuri mara mbili. Watu wa michiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, walionja hayo mwaka 2013, Ulaya walipoanza kukagua mizigo yao kwa ukali na wakulima wadogo ndo walioachwa na wanunuzi kwanza.

Kwa hiyo nunua daftari. Kila ukipiga dawa andika tarehe, jina la dawa, miti gani. Halafu tafuta wenzako tisa wa hapo karibu muuze pamoja, manake miti 40 haijazi kontena na mnunuzi wa maana hawezi kuja kwa ajili ya miti 40, lakini miti 400 yenye daftari moja safi atapiga simu mwenyewe. Na yule broka wa usiku msimuuzie, hata kama karo ya shule imefika.